Nyumba Isiyobeba Wawili

Mtoto alipotoka, mkunga Mehrangez hakusema mashallah. Alimfuta, akamgeuza huku na huku, kisha akamfunika uso kwa pembe ya kitambaa, kama mtu anayeficha kitu kisionwe na wapita njia. Khushnama, aliyelala juu ya godoro karibu na jiko huku jasho likimtiririka, aliyaona yote hayo.

“Mzima?” aliuliza.

“Mzima. Humsikii anavyolia?”

“Wa kike au wa kiume?”

“Wa kike.” Mehrangez alitazama mlangoni. “Ngoja nimwite mama mkwe wako.”

Hakukuwa na haja ya kumwita. Nazira alikuwa mlangoni muda wote, mikono imefungwa chini ya shali. Alikuja, akapiga magoti, akafunua kile kitambaa. Akamtazama mtoto kwa muda, asitabasamu wala kununa. Halafu akakirudisha kitambaa mahali pake, akainuka, akatoka nje. Khushnama akasikia mlango wa zizi ukifunguliwa, na Nazira akiwasemesha mbuzi kwa sauti ya chini.

“Nipe mwanangu,” Khushnama alisema.

Alipompokea, naye akafunua uso ule. Macho yalikuwa mapana, yametengana sana, na kope zimelegea kwa nje kama za mtu anayetaka kusinzia. Masikio yalikaa chini yakainamia nyuma. Shingo ilikuwa pana, ikashuka mpaka mabegani bila kukatika. Uso huo aliujua. Tangu alipoolewa katika nyumba ya Panin alikuwa akiutengea chai kila asubuhi.

Alasiri shemeji yake Shirin aliruhusiwa kuingia. Alikuwa mwanamume mwenye masharubu tayari, lakini alikimbilia pale godoroni kama mtoto anayeitiwa chakula, akachungulia, akapiga makofi.

“Shemeji! Amefanana na mimi!”

“Amefanana na wewe, Shirin.”

“Masikio yangu haya! Mwizi huyu. Mama, njoo uone, ameniibia masikio!”

Nazira alikuwa akikanda unga upande wa pili wa chumba. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea kukanda.

Nyumba ya Panin ilikuwa ya mwisho kabisa bondeni, mahali mfereji unapotoka mlimani, na juu yake hapakuwa na nyumba nyingine, ila mashamba machache, malisho, miti ya mireteni, mawe, na ulimi wa barafu unaoteremka kutoka kilele cheupe. Watu wote wa bonde walijua kwamba kwenye barafu ile wanakaa mapari, wanawake wazuri wa mlima wanaopenda maziwa, ngoma na moshi wa mreteni. Na walijua pia kwamba mapari walikuwa wamewekeana ahadi na ukoo wa Panin: kila kizazi ukoo utamlea mmoja wao, mwenye uso ule, asiyejua hesabu wala ubaya, na siku wakimtaka watamwita.

Mwenyewe Nazira alizaliwa katika nyumba hiyohiyo. Aliolewa na mtoto wa baba yake mdogo, ambaye sasa ni marehemu, akahama chumba kimoja tu. Kaka yake, Bulbul, alikuwa na uso ule. Alicheka na kila mtu, alichoka upesi, na alianguka uani akafa siku ileile Nazira alipokuwa ndani akimzaa Shirin. Wanawake wakatoka kwenye uzazi wakaingia kwenye msiba kabla hawajanawa mikono. Na kabla ya Bulbul alikuwako shangazi yao, naye alikufa Bulbul akiwa bado anafungwa nepi. Hivyo ndivyo neno lilivyozaliwa, na likakua, mpaka likawa kama sheria ya serikali: nyumba ile haibebi wawili. Mpya akifika, wa zamani anaitwa.

Khushnama alikuwa ametoka bonde jingine. Hadithi hiyo aliisikia alipokuwa mwari, akacheka. Sasa hakucheka.

Alimpa mtoto jina la Yasaman. Mume wake, Nadir Shah, aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi Karachi, alifurahi kwenye simu, akauliza mtoto ana nywele au kipara. Khushnama alikuwa amepanda juu ya paa, mahali pekee penye mtandao.

“Anafanana na Shirin,” alimwambia.

Nadir akaacha habari za nywele. “Mama amesemaje?”

“Mama hajasema kitu. Hajamshika hata mara moja.”

“Atamshika. Mpe muda. Unamjua mama.”

Ila Nazira hakumshika. Badala yake akaanza kumtunza Shirin kama mgonjwa, au kama mgeni anayekaribia kuondoka. Alimpikia supu ya tambi kila siku. Alimpa mkate wa forosadi, na siagi iliyowekwa kwa ajili ya sikukuu. Alimshonea hirizi mbili, moja shingoni, nyingine ndani ya kizibao. Shirin akichelewa kurudi kutoka mferejini, Nazira alisimama njiani akimwita, sauti ikapanda, mpaka majirani wakatoka nje.

“Mama, mbona unanilisha hivi?” Shirin alimuuliza. “Unataka kuniuza sokoni?”

“Kula, mwanangu.”

“Nitakula. Lakini usiniuze kwa Mehrangez, yule hupiga mbuzi wake.”

Hata Khushnama alicheka. Nazira aligeuza uso wake ukutani.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi Khushnama alipotoka kufua akakuta susu la mtoto halimo ndani. Alizunguka nyumba, akaita, hakujibiwa. Akasikia harufu ya moshi wa mreteni. Alipanda ngazi ya paa akikanyaga upindo wa nguo yake, na huko akamkuta Yasaman amelazwa susuni kwenye ukingo kabisa wa paa, uso wazi, ameelekezwa mlimani. Upepo wa barafuni ulikuwa ukimpiga. Pembeni palikuwa na bakuli la maziwa, mkate uliopakwa samli, na chetezo kikitoa moshi. Nazira alikuwa amechutama nyuma yake, midomo ikicheza.

Khushnama alimnyakua mtoto. Mikono midogo ilikuwa baridi, na midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

“Unafanya nini, Mama?”

“Namwombea.”

“Unamwomba nani? Unamwombea mtoto, au unamtoa?”

Nazira aliinuka taratibu, akajifunga shali vizuri. “Nilimweka juani. Mtoto anahitaji jua.”

Jua lilikuwa upande mwingine wa nyumba.

Tangu siku hiyo Khushnama alimfunga Yasaman mgongoni. Alikwenda naye mashambani, zizini, mferejini. Alikanda unga naye mgongoni. Mtoto alinyonya kwa shida, akivuta mara chache kisha kuacha, anahema kama amepanda mlima. Alipokuwa akilia, kivuli cha buluu kilimzunguka mdomo. Mehrangez alipomwona hivyo alitikisa kichwa, akasema mambo hayo si ya dawa.

“Ya nini basi?”

“Binti, usinitie matatani. Mimi kazi yangu ni kuwatoa tu. Wakishatoka, si wangu.”

Ndipo habari zikaja kwamba madaktari wa moyo kutoka mjini watakaa siku chache kwenye hospitali ya bondeni, wakiwaangalia watoto. Khushnama hakuomba ruhusa. Alimwambia Shirin, “Shemeji, utanisindikiza na mtoto?” Shirin, ambaye hakuwahi kukataa kitu chochote alichoombwa, alivaa viatu. Walipanda gari la mchukuzi wa viazi, na njia nzima Shirin alimpakata Yasaman, akimwonyesha miti ya mipopla na punda na askari wa darajani, akimweleza kila kitu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Tahmina, mwenye sauti ya uchovu. Aliweka chombo chake kifuani pa Yasaman akasikiliza. Akamtazama Shirin, akamtazama tena mtoto, akasogeza kiti.

“Huyu ni baba yake?”

“Ni baba yake mdogo.”

“Kaka, fungua vifungo nikusikilize na wewe.”

Shirin alifungua kwa fahari. Daktari alisikiliza muda mrefu, mbele na nyuma. Alipomaliza Shirin alimnyang’anya kile chombo. “Sasa zamu yako, Daktari. Kaa kimya. Vuta pumzi.” Akakibandika kwenye kola ya koti jeupe, akakunja uso kwa umakini. “Wewe ni mzima,” akatangaza. “Lakini una njaa.”

Daktari Tahmina alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamwomba Shirin akamtafutie chai, na alipotoka, kicheko kikamwisha usoni.

Alisema ugonjwa huo una jina, akalitamka, na Khushnama akalisahau pale pale. Alisema mtu huzaliwa nao, na humjenga namna moja usoni, shingoni na moyoni, wakati mwingine na akili pia, ndiyo maana hawa wawili wamefanana kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Mlango wa moyo wa Yasaman, ule wa kupeleka damu mapafuni, ulikuwa mwembamba mno. Lakini mjini Peshawar wangeweza kuufungua, tena bila kumpasua kifua. Kwa Shirin hali ilikuwa nyingine. Ukuta wa moyo wake umenenepa.

“Huyu asipande milima. Asikimbie, asibebe kitu kizito. Mleteni Peshawar pamoja na mtoto. Upesi.”

“Nyumbani wanasema ni mapari, Daktari.”

“Ni damu, dada. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto anaweza kuupata au kuukosa, kama kurusha sarafu. Na wengine wanao bila kujua, kwa sababu umewagusa kidogo tu. Haukumwangukia mwanao kutoka angani. Umepita kwa baba yake au kwako, na kabla yake kwa mwingine. Ukifika nyumbani waangalie watu wako vizuri. Angalia shingo. Angalia masikio.”

Khushnama alirudi na maneno hayo kifuani kama makaa ndani ya kitambaa.

Walipofika, Nazira alikuwa uani akiosha nywele. Shali ilikuwa imetundikwa kwenye mti, kichwa kimeinama juu ya beseni, na jua likimwangaza sawasawa. Khushnama alikuwa amemwona hivyo mara nyingi. Leo alisimama. Aliiona shingo ile, pana, ikiteremka mabegani kwa mikunjo miwili. Aliyaona masikio yaliyokaa chini yakainamia nyuma. Nazira alipoinua kichwa kukamua nywele, maji yakimtiririka, macho yake yakiwa yametengana na kope zimelegea, uso wa Shirin ulimtazama Khushnama kutoka ndani ya uso wa mwanamke mzee.

“Mmetoka wapi?” Nazira aliuliza.

“Kwa daktari wa moyo. Shirin, nenda kachume forosadi, mtoto anataka kuziona.”

Shirin alikwenda, akiimba. Nazira akaweka beseni chini.

“Umempeleka mwanangu kwa watu? Wakamvua nguo?”

“Wamemsikiliza moyo, Mama. Ni mgonjwa. Na Yasaman ni mgonjwa. Ni ugonjwa mmoja.”

“Ugonjwa! Tangu babu zetu hatukuwa na ugonjwa nyumba hii. Ni ahadi. Wewe umetoka kwenu huko mnakokula samaki, unajua nini?”

“Najua kwamba uliuelekeza uso wa mwanangu kwenye barafu!”

“Punguza sauti.”

“Sipunguzi! Si mapari, Mama. Si mlima. Ni wewe!” Maneno yalimtoka Khushnama kama mawe yanayoporomoka, kila moja likisukuma jingine. “Nenda ukajitazame kwenye kioo. Shingo hiyo ya nani? Masikio hayo ya nani? Ulimpa Shirin, ukampa Nadir, Nadir akampa mwanangu. Damu yako ndiyo inayowaua!”

Nazira alipauka. Kisha akavuta shali kutoka mtini, akajifunika kichwa na shingo, akaikaza chini ya kidevu mpaka vidole vikawa vyeupe.

“Sikiliza,” alisema, polepole. “Mimi nilimzika kaka yangu maziwa ya kwanza yakinichuruzika. Usinifundishe. Shirin nimemlea miaka hii yote nikimchungulia kila asubuhi kama bado anapumua. Sasa umeniletea wa pili. Nyumba hii haibebi wawili. Mmoja ataondoka, na hatakuwa mwanangu. Akibaki huyo wako, Shirin ataitwa. Unanisikia? Mmoja lazima aondoke.”

Kitu kilidondoka nyuma yao. Shirin alikuwa amesimama kwenye pengo la ukuta, na forosadi alizochuma zilikuwa zimetapakaa miguuni pake. Alimtazama mama yake, akamtazama shemeji yake, kisha akamtazama Yasaman.

“Msigombane,” alisema. “Mtoto anasikia.”

Shirin alikuwa mtu wa kushika neno kama lilivyo. Siku moja, zamani, Nadir alimwambia amngojee darajani, akasahau. Walimkuta huko jioni, amelowa mvua, akiwa bado anangoja. Khushnama angelikumbuka hilo wakati ule, mambo yangekwenda vingine. Lakini alikuwa amejaa hasira, akaingia ndani akapiga mlango.

Asubuhi alipoamka, Shirin hakuwapo. Nazira alidhani yuko zizini. Khushnama alidhani yuko mferejini. Jua lilikuwa limeshapanda Mehrangez alipoteremka kutoka shamba la juu, mundu mkononi, na kuuliza kwa nini Shirin amevaa nguo za Idi.

“Umemwona wapi?” Nazira aliuliza.

“Huko juu, amepita chanzo cha mfereji. Nikamwambia, we Shirin, unakwenda kuoa? Akaniambia anakwenda kwa mapari. Anakwenda kuwaambia wamchukue yeye, maana yeye anajua kuimba, na yule mtoto hata meno hana.” Mehrangez alianza kucheka, kisha akaona nyuso zao. “Mimi nilidhani ni utani wake.”

Nazira alikuwa ameshaondoka. Alikuwa mwanamke wa kupumzika kila hatua chache anapopanda ngazi ya paa. Siku hiyo alipanda mlima bila kugeuka nyuma, shali ikimvutika chini. Khushnama alimfuata na Yasaman mgongoni, hakuthubutu kumwacha kwa mtu. Wanaume wawili wa jirani walikuja nyuma na kitanda cha kamba. Walipita chanzo cha mfereji, wakapita vibanda vya malisho, wakaingia penye mireteni ya mwisho. Hewa ilikuwa kali. Kila Khushnama alipoita jina la Shirin, barafu ilimrudishia, na mtoto akashtuka mgongoni.

Walimkuta chini ya ulimi wa barafu, ameketi, mgongo umeegemea jiwe, mikono juu ya magoti kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Nguo za Idi zilikuwa safi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya forosadi, na kifua kilikwenda mbio, kifupi kifupi, kama cha ndege aliyeshikwa.

“Mama,” alisema. “Hawajaja. Nimewaita sana, hawakuja.”

Nazira alianguka kando yake, akamkumbatia kichwa.

“Nimeimba zote,” Shirin alisema. “Labda hawanitaki.”

“Hakuna mtu huku, mwanangu,” Nazira alisema, na sauti yake ilitisha, maana haikuwa na machozi. “Hakuna mtu. Hakuna kabisa.”

Walimteremsha kwenye kitanda cha kamba, na siku ya pili wakaondoka kwenda Peshawar, Nazira naye akiwa ndani ya gari. Njia nzima hakusema na Khushnama. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na mgonjwa wake mapajani, kama wanawake wawili wasiojuana.

Peshawar walimpitishia Yasaman mrija mwembamba kutoka pajani mpaka moyoni, na ule mlango ukafunguliwa. Alipotolewa alikuwa mwekundu usoni kama watoto wa watu wengine, akalilia ziwa kwa hasira. Khushnama alilia kwa furaha, akatafuta mtu wa kumwonyesha. Aliyekuwapo ni Nazira, kwenye benchi la ukumbini, mbele ya daktari mzee aliyekuwa akimweleza habari za Shirin. Hakuna cha kufungua, alisema. Ni nyama ya moyo yenyewe. Watampa vidonge, atulie, asipande, na mengine ni ya Mungu.

“Daktari,” Nazira alisema, “mngemwacha yule mtoto alivyokuwa, huyu wangu angepona?”

Daktari hakuelewa. Alimtazama Khushnama kama anayeomba mkalimani. Khushnama alielewa. Alimbana Yasaman kifuani, akarudi wodini alikotoka.

Shirin aliishi mpaka majira ya kupukutika majani. Alikunywa vidonge vyake kwa utii, akakaa kivulini, akawa ndiye mlezi wa Yasaman, kwa sababu alikuwa mtu pekee nyumbani mwote ambaye Khushnama alimwachia mtoto bila wasiwasi. Alimfundisha kupiga makofi. Alimwambia siri za mbuzi. Siku moja Khushnama alikuwa akipanga kuni, akamsikia mtoto anacheka, anacheka tu, muda mrefu. Akaenda kuona kinachomchekesha. Shirin alikuwa ameketi chini ya mti, kichwa kimeegemea shina, mtoto mapajani, na mtoto alikuwa akimvuta masharubu kwa mikono yote miwili. Kichwa kilikuwa kikifuata mikono ile, huku na huku. Macho yalikuwa wazi. Khushnama alimwita mara moja, hakumwita tena.

Msibani watu walijaa. Wanawake walikaa ndani kando ya kuta zote nne, na minong’ono ikazunguka pamoja na chai ya chumvi. Mmeona? Alianguka mmoja, mwingine akanawiri. Mehrangez alikuwa wa kwanza kulisema kwa sauti.

“Mungu amrehemu. Lakini tulijua tangu mtoto alipotoka. Nyumba hii haibebi wawili.”

Nazira alikuwa kwenye kona, hajala tangu mazishi. Aliinua kichwa.

“Nyumba hii imebeba watatu siku zote,” alisema. “Hamkujua kuhesabu, wala mimi sikujua.”

Akaivua shali. Akaikunja, akaiweka mapajani, akageuza kichwa kushoto na kulia ili wote waione shingo yake na masikio yake. Hakuna aliyesogeza kikombe. Mehrangez aliangalia sakafu.

“Bulbul alikuwa kaka yangu,” Nazira aliendelea. “Nikamzaa Shirin. Mkwe wangu aliniambia, nikamchukia. Mwanangu akapanda mlima kwa neno la mdomo wangu. Sasa nendeni mkaseme hilo huko mferejini.”

Kisha akamnyooshea Khushnama mikono. “Nipe mtoto.”

Wote walitazama. Khushnama alimtoa Yasaman, akamweka kwenye mikono ile, na Nazira akamshika kwa mara ya kwanza, vibaya, kama mtu aliyesahau. Lakini Khushnama hakurudi mahali pake. Aliketi palepale, goti likigusana na goti la mama mkwe, mkono wake karibu na nepi ya mtoto. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu baadaye: Nazira alimpenda mjukuu wake, alimlisha, alimwimbia, na Khushnama hakuwaacha wawili hao peke yao.

Nadir Shah alifika kutoka Karachi baada ya mazishi, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Khushnama alikuwa ameshamweleza kila kitu kwenye simu, na kila mara alijibiwa hivyohivyo: mimi nabeba mifuko ya saruji ghorofa baada ya ghorofa, wewe unaniambia habari za moyo? Sasa alimtazama akipanda njia ya nyumbani. Alimwona akisimama kwenye kona ya mipopla, mkono kiunoni, akijifanya anatazama mashamba. Akapanda kidogo. Akasimama tena.

Alipokwisha kulia kaburini na kunywa chai, mama yake alimwambia, “Vua shati.”

“Mama, kuna baridi.”

“Vua.”

Akavua, akimkonyeza mkewe kana kwamba wanamfurahisha mzee. Nazira alisogea, akamlaza sikio kifuani, upande wa kushoto, akafumba macho. Tabasamu la Nadir lilibaki usoni kwa muda, kisha likaanza kuchoka.

“Unasikia nini?”

Nazira alikaza sikio. Sauti ile aliijua kuliko jina lake, vile mpigo unavyofuatwa na mvumo, kama maji yanayojipenyeza chini ya jiwe. Alikuwa ameisikiliza kwa Bulbul walipolala blanketi moja utotoni. Alikuwa ameisikiliza kwa Shirin maisha yake yote, akidhani ni mguu wa mtu anayekuja kumchukua. Kifua cha Nadir hakuwahi kukisikiliza, kwa kuwa yule alikuwa mwanawe mwenye nguvu.

Alijiinua, akamkabidhi shati lake, akamsaidia kufunga vifungo kimoja kimoja kama alipokuwa mdogo.

“Hurudi Karachi,” alisema. “Kesho tunateremka Peshawar kwa yule daktari. Wote. Na mimi.”

Nadir alifungua mdomo apinge, akamtazama Khushnama. Khushnama alikuwa akiitazama shingo yake juu ya kola ya shati, asiweze kuiacha.

Kesho yake waliteremka. Yasaman alilala njia nzima.